Leni Riefenstahl: bibi wa kamera aliyeangukia njia ya Garissa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Garissa kwa basi, akiisha kuipita Malindi na kufika Garsen, huuandama mto Tana mkono wake wa kulia, akapita Hola na Bura, hata akalivuka daraja na kuingia mjini. Atokaye Nairobi hupitia Thika na Mwingi, akashuka kidogo kidogo mpaka joto limpokee. Njia zote mbili zakatwa na laga, yaani mikondo ya maji ambayo takriban mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto hucheza na mbuzi hulala humo, kisha siku moja ya mvua hugeuka bahari. Mwenye kupita huko mara nyingi hujifunza kupunguza mwendo kila aonapo ukingo wa daraja dogo.

Katika mojawapo ya laga hizo za pande za Garissa, mwaka 1956, Land Rover ilitumbukia. Ndani yake mlikuwa na bibi wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 53, aliyekuwa maarufu ulimwenguni kwa kazi ambayo wengi walitamani aione haya. Aliitwa Leni Riefenstahl. Alipotoka hospitalini alikuwa ameanza safari ya kuwa mpiga picha mashuhuri kabisa wa miili ya watu iliyo wazi katika karne yake, na watu aliowapiga picha hizo walikuwa Waafrika. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ardhi yetu imo katika kisa hiki, nimeona niyasimulie maisha yake leo. Nawaomba radhi wasomaji ambao jina la picha za uchi tu lawatosha kuukunja ukurasa. Wakivumilia wataona kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko nguo.

Alizaliwa Berlin tarehe 22 Agosti 1902, binti wa mfanyabiashara wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Babake alitaka binti mtulivu, naye akataka kucheza ngoma jukwaani. Akacheza na akasifiwa, mpaka goti lilipomuuma likamsimamisha. Siku zile za maumivu akaona filamu ya milimani ya Arnold Fanck, akamtafuta mtengenezaji wake, na mwaka 1926 yeye mwenyewe akaonekana katika senema, msichana mwembamba apandaye majabali na theluji. Mwaka 1932 akatoa filamu yake mwenyewe, Das blaue Licht. Mmoja wa walioiandika pamoja naye alikuwa Béla Balázs, Myahudi wa Hungary. Baadaye, Manazi waliposhika hatamu, jina la Balázs liliondolewa katika filamu ile, na alipodai haki yake, bibi huyu alimkabidhi madai hayo Julius Streicher, adui mkubwa wa Wayahudi katika Ujerumani yote. Natanguliza jambo hili dogo mapema, maana laonyesha tabia ambayo tutakutana nayo tena: mtu akishakwisha kazi yake, hutolewa katika picha.

Mwaka huo huo wa 1932 alimsikia Hitler akihutubu, akamwandikia barua, wakaonana. Yaliyofuata yanajulikana na sina haja ya kuyakawiza. Alipiga filamu za mikutano mikuu ya chama cha Nazi mjini Nuremberg, na ile ya mkutano wa 1934, iitwayo Triumph des Willens, hufundishwa hata leo katika vyuo vya senema kama mfano wa namna kamera iwezavyo kumfanya binadamu aabudiwe. Kisha ikaja michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Filamu yake ya michezo hiyo, Olympia, ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa kwake Hitler.

Mwanzo wa Olympia ndio mwanzo wa habari yetu. Kamera yapita katika magofu ya Ugiriki, yazunguka masanamu ya mawe, kisha sanamu la mrusha kisahani lageuka kuwa kijana wa nyama na damu, hana nguo, azungusha mkono wake ule ule. Baada yake waja wanawake wachezao, nao wako uchi, mbingu ikiwa nyuma yao. Sehemu kubwa ya mwanzo huo ilipigwa na fundi aitwaye Willy Zielke, ambaye miaka ile ile alitiwa katika hospitali ya wendawazimu na akahasiwa chini ya sheria za Nazi. Sifa alizibeba bibi. Lakini fahamuni mpango wenyewe: mwili usio na kasoro, umepigwa kutoka chini ili uonekane mrefu, hauna jasho la dhiki, hauna uzee wala ugonjwa. Nchi iliyokuwa ikiupamba mwili wa namna hii ndiyo iliyokuwa ikiihasi na baadaye kuiua miili iliyoiona pungufu.

Vita vilipoanza Septemba 1939 alikwenda Poland na kundi lake la wapiga filamu. Katika mji wa Końskie askari wa Kijerumani waliwafyatulia risasi Wayahudi wa mji, na ipo picha ya siku ile yenye uso wake ulioghumiwa. Hakuna awezaye kusema kwamba hakuona. Kisha akarejea katika hadithi za mapenzi. Filamu yake Tiefland ilihitaji watu wanaofanana na Wahispania, na alivyowapata ndivyo kisa chake kibaya kuliko vyote. Walichukuliwa watu wa kabila za Sinti na Roma, wale ambao wengi huwaita Majipsi, kutoka kambi ya Maxglan karibu na Salzburg na baadaye kambi ya Marzahn huko Berlin. Walikuwamo watoto. Walicheza, wakapiga makofi, wakatabasamu mbele ya kamera, kisha wakarudishwa walikotoka. Wengi wao walipelekwa Auschwitz na hawakurudi. Bibi alidai miaka na miaka kwamba baada ya vita aliwaona wote wakiwa hai. Mwaka 2002, akiwa na miaka 100, chama cha Waroma mjini Cologne kilimshitaki kwa maneno hayo, naye akalazimika kuyafuta.

Baada ya vita alishikwa, akahojiwa, akapelekwa mbele ya mabaraza zaidi ya moja, na mwisho akapewa daraja la mfuasi tu, si la mtenda. Hakuwahi kuwa mwanachama wa chama chenyewe, na hilo alilishika kama hirizi. Milango ya senema lakini ilimfungika. Miaka kumi akawa mtu wa mahakamani, akishitaki kila gazeti limtajalo vibaya.

Ndipo akasoma kitabu cha Ernest Hemingway juu ya uwindaji wake Afrika ya Mashariki, roho ikamruka. Mwaka 1956 akaja Kenya. Nia yake ilikuwa kupiga filamu iitwayo Die schwarze Fracht, juu ya biashara ya watumwa waliokuwa wakivushwa kwenda ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Sisi wa mwambao, ambao babu zetu wamo katika pande zote mbili za biashara hiyo, waliouza na waliouzwa, tuna haki ya kutua hapa na kutafakari. Mtu aliyewatoa watoto kambini ili wamchezee ngoma, sasa alitaka kuusimulia ulimwengu ubaya wa utumwa. Huenda nia ilikuwa njema. Sikuona popote kwamba aliwahi kuviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega akavitazama.

Alikuwa akizunguka kaskazini kutafuta mahali pa kupigia filamu ile ndipo ajali ikatokea. Kwa masimulizi yake mwenyewe, digidigi mmoja aliruka mbele ya gari, dereva akajaribu kumkwepa, gurudumu likashika mchanga, na gari likapaa kutoka darajani mpaka ndani ya laga kavu. Bibi alirushwa kwenye kioo. Kichwa kilipasuka, mbavu zikavunjika, pafu likaumia. Njia zile wakati ule zilikuwa za gari moja kwa siku kadhaa. Wilaya yote ya mpaka wa kaskazini ilikuwa imefungwa na Waingereza, mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Yeyote aliyewahi kuharibikiwa na gari baina ya Mwingi na Tana anajua maana ya kukaa chini ya mgunga na kusikiliza kimya. Jaala yake ikapita gari ya serikali ikawaokota. Alifikishwa Nairobi yu mahututi, na alilala hospitalini kwa majuma mengi.

Hapo kitandani, ndivyo alivyosimulia, aliletewa jarida la Kijerumani la zamani, na ndani yake akaona picha ya wanaume wawili wa Kinuba, mpiga mieleka mshindi amekaa juu ya mabega ya mwenzake, mwili wake mkubwa umepakwa jivu jeupe. Hakuweza kuiondoa machoni. Shahidi wa kisa hiki cha kitandani ni yeye peke yake, na tumeshaona ushahidi wake juu ya maisha yake ulivyokuwa. Lakini picha ilikuwapo, na aliyeipiga twamjua.

Alikuwa Mwingereza, George Rodger. Nastahabu kukaa naye kidogo, maana bila yeye habari hii ni nusu. Aprili 1945 Rodger aliingia na majeshi ya Uingereza katika kambi ya Bergen-Belsen, akapiga picha maiti zilizolala kwa maelfu chini ya miti. Akiwa katikati ya kazi akajigundua anasogea hatua mbili kushoto, anainama, anawapanga wafu ndani ya fremu ili picha ipendeze. Akajiogopa. Aliapa kutopiga tena picha za vita, na akaja Afrika kutafuta watu ambao unadhifu na amani yao ingemwosha macho. Mwaka 1949 alifika Kordofan, Sudan, akawapiga picha wapiga mieleka wa Kinuba, ile ya mabegani ikiwa mojawapo. Riefenstahl alipomwandikia kumwahidi dola 1,000 ili amfikishe kwa Wanuba, Rodger alimjibu kwa ufupi kwamba kwa jinsi anavyojua alikotoka bibi yule, na alikotoka yeye, hawana la kuzungumza.

Nimezitazama picha za hao wawili pamoja zaidi ya mara moja. Watu ni wale wale, jivu ni lile lile. Za Rodger ni chache, nyeusi na nyeupe, na mna vumbi, watazamaji, na mtu aliyefumba jicho kwa jua. Za bibi ni nyingi mno na zina rangi kama za vito. Lakini nisitangulie.

Filamu yake ya watumwa ilikufa. Mwaka ule ule wa 1956 vita vya Suez vilifunga mfereji, vyombo vyake vikachelewa baharini, fedha zikamwishia, akarudi kwao mikono mitupu. Miaka sita ikapita kabla ya kujiunga na msafara wa Wajerumani uliokuwa ukienda Sudan, na mwisho wa mwaka 1962 akafika kijiji cha Tadoro katika Milima ya Nuba, kwa Wanuba wa kundi la Mesakin. Msomaji wa Kenya asiwachanganye na Wanubi wa Kibera, ingawa haichanganyiki bure: baadhi ya askari wa Kisudani ambao wajukuu wao wako Kibera walitoka katika milima hiyo hiyo.

Sasa alikuwa na miaka 60. Msafara ulipoondoka yeye alibaki. Alilala kibandani, akajifunza maneno ya lugha yao, akala uji wa mtama, akatembea mwendo wa mbali pamoja nao kwenda kwenye mieleka. Akarudi mara kwa mara, na kuanzia mwaka 1968 aliandamana na kijana Horst Kettner, mdogo wake kwa miaka 40, ambaye alikuwa msaidizi wake na mwandani wake mpaka mwisho. Hata wanaomchukia hawawezi kumnyima hili: alivumilia jua, homa na njaa katika umri ambao wengine hukaa kitako wakisubiri wajukuu. Na Wanuba wa Tadoro, kwa kila dalili, walimpenda. Alicheka nao, akawatibu vidonda, akawaita kwa majina yao.

Kitabu chake cha kwanza juu yao kilitoka Ujerumani mwaka 1973, na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Picha za wapiga mieleka ndiyo roho yake. Kabla ya kupambana, kijana wa Kinuba hujipaka jivu la miti, na jivu hilo si pambo tu, lina baraka na nguvu ndani yake. Bibi aliinama chini kabisa na Leica yake, akawapiga vijana hao dhidi ya mbingu, wakatoka warefu kama minara. Mtu aliyeiona Olympia hana budi kuijua ile pembe. Ndiyo ile ile ya 1936. Mrusha kisahani amerudi, safari hii mweusi.

Hapa napenda niseme langu. Chuoni, ubao mapajani na wino mkononi, mwalimu alitufunza kwamba mwili wa mwanadamu una heshima yake na kwamba stara ni sehemu ya imani. Sijaliacha somo hilo. Lakini uzee umenifunza kuuliza uchi ni nini. Mnuba wa wakati ule aliyepakwa jivu na shanga kiunoni hakuwa uchi kwao, kama vile mvuvi wa Faza aliyefunga kikoi na kifua wazi hayuko uchi kwetu. Mwanaanthropolojia James Faris, aliyekaa na Wanuba wa kusini-mashariki na kuandika kitabu mwaka 1972 juu ya namna wanavyochora miili yao, alieleza kwamba kwao kutembea bila nguo ni haki ya mwili ulio mzima na wenye nguvu. Mgonjwa hujifunika. Mtu akipitwa na ujana huvaa. Yaani wana kanuni ya stara, ila mizani yake ni mingine. Kijana yule alikuwa amevaa mpaka pale alipotolewa kijijini mwake, akatiwa katika karatasi ya kumeremeta na kuwekwa juu ya meza ya sebuleni kwa mtu wa Munich asiyejua jina la babake. Kamera ndiyo iliyomvua.

Kitabu cha pili, juu ya watu wa Kau na vijiji jirani vya Nyaro na Fungor, kilitoka mwaka 1976, nacho chatia mashaka zaidi. Watu hawa hawakuwa wenyeji wake wa miaka mingi kama wale wa Tadoro. Wengi hawakutaka kupigwa picha. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba ilimbidi kutumia lenzi ndefu za kupigia kutoka mbali, na kwamba kazi ilikuwa ya haraka na ya mivutano. Picha zenyewe ni za ajabu: nyuso zilizochorwa nusu nyeusi nusu manjano, mabinti waliopakwa mafuta na rangi nyekundu wakicheza mbele ya wanaume waliokaa wameinamisha vichwa. Ustadi wake hauna shaka hata chembe. Lakini mtu akizijua lenzi zile, hawezi tena kuyatazama macho ya mabinti wale bila ya kujiuliza yalikuwa yakimtazama nani.

Nilipokuwa kijana mwandishi wa habari, nilipata kwenda soko la ngamia la Garissa pamoja na mpiga picha wetu. Alikuwa fundi na hakuwa mtu mbaya. Akainua kamera kumwelekea mzee mmoja wa Kisomali mwenye ndevu za hina, amesimama na bakora yake katikati ya ngamia, picha ambayo mhariri yeyote angeibusu. Mzee akainua kiganja. Kwa kinywa cha kijana aliyefasiri, alituuliza uso wake utakwenda mji gani, utakaa kwa nani, na utakapochakaa utatupwa wapi. Hatukuwa na jibu. Mwenzangu alimtaka radhi, tukanywa chai ya maziwa pamoja, na gazeti likatoka na picha ya ngamia. Alipokwisha chai mzee alituruhusu tumpige, lakini filamu ilikuwa imekwisha. Nimeyakumbuka maswali yake matatu kila nilipofungua vitabu vya bibi huyu.

Lawama kubwa ilitoka Marekani Februari 1975, mwandishi Susan Sontag alipochapisha makala marefu katika The New York Review of Books. Alidai kwamba picha za Wanuba ni mwendelezo wa filamu za Nuremberg: ibada ya nguvu, ya mshindi, ya mwili mzuri usiodhoofika, na dharau ya kimya kwa kila kilicho dhaifu. Walimwengu wakagawanyika. Ujerumani alipewa medali na wasanifu wa picha, na London gazeti la The Sunday Times lilikuwa limekwisha kumpeleka kuipiga picha Olimpiki ya Munich ya 1972. Sontag, kwa maoni yangu, alikuwa na haki katika mengi, ila katika moja alipitiliza. Mieleka ya Wanuba haikubuniwa Berlin. Kuusifu mwili mzima na kumnyanyua mshindi mabegani kulikuwa kwao karne nyingi kabla ya Hitler, na kuwaita hivyo ni kuwanyang'anya mara ya pili. Kosa la bibi laonekana katika alichokiacha. Faris, aliyewajua watu wa Kau, alimkosoa kwa hilo. Yako wapi makovu ya kazi, shamba la mtama, mzee akohoaye, mwalimu wa shule, duka la Mwarabu, sare ya polisi? Vyote vilikuwapo. Havikuingia, au viliingia kwa nadra, kwa kuwa viliharibu ile ndoto ya watu wa mwisho wasioguswa na dunia.

Na dunia ilikuwa ikiwagusa kwa mikono yote miwili. Tangu safari za mwisho wa miaka ya sitini alikuta rafiki zake wa Tadoro wamevaa kaptura na kanzu chakavu, kwa kuwa serikali ya Khartoum haikutaka raia wake waonekane uchi, na kwa kuwa vijana wenyewe walikuwa wakienda mijini kutafuta kibarua. Alihuzunika, akaandika kama kwamba pepo imefungwa. Simlaumu kuhuzunika, lakini sikuona alipomuuliza kijana kama yeye naye anahuzunika. Vitabu vyake vilipoenea, wageni wenye kamera wakaanza kuiuliza njia ya Kau. Rais Jaafar Nimeiri kwa upande wake alimtunuku nishani, na Sudan ikampa pasipoti yake.

Kisha ikaja balaa ambayo hakuna picha yake ya rangi. Vita vya kusini vilipanda milimani katika miaka ya themanini, na mwaka 1992 watawala wa Kordofan walitangaza jihadi dhidi ya Wanuba walioasi, wakatolewa na fatwa. Vijiji vilichomwa, watu wakakusanywa katika makambi. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waislamu wengi, na misikiti yao ilibomolewa kama makanisa. Naandika haya kwa uchungu, mimi niliyelelewa na Kitabu hicho hicho kilichotajwa na wauaji.

Bibi wakati huo alikuwa baharini. Alipokuwa na miaka 71 alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, katika pwani yetu hii ya Kenya, na katika fomu akajipunguzia miaka 20 ili wasimkatae. Akatoa vitabu viwili vya picha za matumbawe na samaki. Samaki hawakumwuliza chochote, na nadhani hakupata kuwa na furaha ya kazi kama hiyo.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 97, alirudi Sudan katikati ya vita, pamoja na mtengenezaji filamu Ray Müller, kuwatafuta rafiki zake. Aliwakuta baadhi, akaambiwa wengine wamekufa. Hakupewa muda mrefu. Helikopta iliyowabeba ilianguka wakati wa kurudi, karibu na El Obeid. Akatolewa akiwa hai na mbavu zimevunjika tena, kama zilivyovunjika miaka 44 kabla, pande za Garissa.

Alifariki tarehe 8 Septemba 2003 nyumbani kwake Pöcking, Bavaria, akiwa na miaka 101. Kettner, aliyemwoa katika mwaka wake wa mwisho, alikufa mwaka 2016, na mwaka 2018 mali yote ya kumbukumbu, makasha 700 ya barua, kanda na picha, ikaingia mikononi mwa taasisi ya urithi wa Prussia huko Berlin. Mwaka 2024 Andres Veiel alionyesha mjini Venice filamu aliyoitunga kutokana na makasha hayo. Sauti ya bibi yasikika humo katika simu na mazungumzo aliyoyahifadhi mwenyewe, akijitetea, akichagua kipi kibaki na kipi kiondoke. Picha za Wanuba zimo katika makasha hayo kwa maelfu. Watoto wa wale wapiga mieleka, walionusurika, wako Khartoum, Cairo na Juba, na wengine wako kambini, kwa kuwa vita vya Sudan vya Aprili 2023 viliwafikia nao.